Mume wangu ana bipola (ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka), sasa yuko chini wiki ya nne. Shemeji kaleta vidonge vya sonona, nimpe au nisimpe?

mama_wa_Pasua
Habari zenu wapendwa, nikikosea herufi mnisamehe naandika nimesimama jikoni.

Niko Moshi, mume wangu anapandisha wageni mlimani. Mwaka jana mwezi wa nane wageni walikuwa wengi akaenda safari tatu mfululizo, na mnajua ile siku ya kilele wanaamshwa usiku wa manane wanatembea mpaka kunakucha, basi alivyorudi ile ya tatu usingizi ukakata kabisa. Siku tano halali, anaongea kama redio, anapigia watu simu saa tisa usiku eti anafungua kampuni, akakopa akanunua Noah, mabuti na masweta yake akawagawia wagumu, wale wabeba mizigo wa mlimani. Sisi tukajua hela imempanda kichwani, mama mkwe akasema karogwa na wenzake. Mpaka siku anataka kupigana na jirani ndo tukampeleka hospitali, wakasema bipola, akapewa Tegretol na dawa nyingine ya usiku ambayo mwezi wa pili aliiacha maana alikuwa anatembea kama mti. Tegretol anameza, nashuhudia kwa macho yangu.

Sasa tangu masika ianze kashuka. Analala mpaka saa sita mchana, akiamka anakaa kitandani anaangalia ukuta, kuoga mpaka nimbembeleze. Juzi mtoto kamletea daftari asaini akaanza kulia. Noah waliomkopesha walishaichukua, na mtaani maneno ni mengi.

Jana shemeji kaja na amitriptilini kanunua duka la dawa, anasema mke wake alivyofiwa alimeza akainuka. Nimezificha kwenye mkoba, leo jioni atakuja kuniuliza kama nimeshampa. Nifanyeje?

chalii_wa_Kijenge
Dada usimpe hata nusu. Nina bipola mwaka wa tisa sasa, niko hapa Arusha.

Mara ya kwanza naenda kliniki nilikuwa chini kama mume wako, daktari akaniuliza naumwa nini nikamwambia sina hamu ya kitu chochote, ile habari ya mwaka wa nyuma nilivyokuwa sigusiki sikuisema maana mimi nilijua zile zilikuwa siku zangu nzuri! Akaniandikia fluoksetini, dawa ya sonona, peke yake. Wiki ya tatu nimeuza pikipiki, niko pale mnara wa saa nawahubiria madereva teksi, na mimi hata kanisani siendagi. Simlaumu daktari, niliyemnyima habari ni mimi.

Ndo hivyo dada, ukishakuwa na bipola hii ya kushuka inafanana na sonona ya mtu mwingine kwa nje tu. Dawa ya kuinua ukiimeza bila dawa nyingine ya kukushikilia usipande inaweza kukurusha huko juu, na hiyo amitriptilini iko kwenye lile kundi la zamani ambalo kwa kurusha watu linaongoza. Mke wa shemeji yako alifiwa, ni ugonjwa mwingine huo.

mtumishi_Sakina
Shalom dada. Hizo dawa zinafunga ufahamu, mlete kwenye maombi ya siku tatu aache vyote Mungu afanye kazi.

chalii_wa_Kijenge
Mtumishi aje kuombewa sawa, ila hapo kwenye kuacha vyote hapana. Mimi niliacha nikiwa kwenye maombi, nikaenda kuchukuliwa polisi.

bibi_nesi_mstaafu
Mama, pole sana. Nimefanya wodini miaka mingi, sasa niko nyumbani Machame na migomba yangu.

Kabla ya dawa yoyote nakuuliza, umeshamuuliza kama anatamani kufa? Muulize hivyohivyo bila kuzungusha, muwe wawili tu. Watu wanaogopa eti utampa wazo, hapana, humpi wazo, wengi wanashukuru kuulizwa. Na nyie wa huku kwetu, sumu za kunyunyizia kahawa na mahindi zitoke hapo nyumbani leo, peleka kwa jirani. Hizo za shemeji nazo zitoke, zikimezwa nyingi zinaharibu mapigo ya moyo, si za kukaa kwenye mkoba nyumba yenye mtu amekata tamaa. Akikwambia ndiyo na ana mpango, msisubiri tarehe ya kliniki, nenda naye dharura saa hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Haya sasa dawa. Watu wanauogopa ule upande wa juu kwa sababu una kelele, lakini wagonjwa wengi wa bipola muda mrefu zaidi wanauishi huku chini, na huku ndiko tunakowapoteza. Tegretol inasaidia zaidi kuzuia asipande, kumtoa chini si kazi yake kubwa. Zinazotumika kwa kushuka ni kama kwetiapini, lamotrijini na lithiamu. Kwetiapini inafanya kazi mapema kidogo ila inalaza na inanenepesha, sukari ipimwe. Lamotrijini hainenepeshi ila inapandishwa polepole, kwa kawaida wiki mbili za mwanzo ni miligramu 25 tu kwa siku, ukiharakisha ngozi inaweza kuchubuka vibaya mno, yaani kipele kikitokea anarudi hospitali siku hiyohiyo. Na nyingine mwambie daktari mapema kwamba anameza Tegretol, maana Tegretol inaila kwetiapini, mtu anameza dozi nzuri kwenye damu haipo, halafu familia inasema dawa haifanyi kazi.

dada_Ngarenaro
Mimi niko kwenye lithiamu. Kuna mtu kazini aliniambia ni dawa za wazungu za majuzi, wakati ni chumvi tu ya madini na daktari wa Australia aliandika habari zake kwa ugonjwa huu 1949. Kwangu imenisaidia sana na yale mawazo ya kujiua yalipungua, ila ina masharti kama mke mdogo. Damu unapima yakipita masaa kumi na mawili baada ya dozi, figo na tezi ya shingo wanaangalia pia, ukiharisha au ukitoka jasho sana bila kunywa maji inapanda kwenye damu inakuwa sumu. Mimi nilianza kutetemeka mikono mpaka chai inamwagika, kumbe nilikuwa nanunua diklofenaki za mgongo, nazo zinaipandisha lithiamu kwenye damu. Siku hizi naishia panadol. Sasa mtu wa mlimani daktari lazima ajue kazi yake, kule mtu anakauka maji.

Kabla ya hapo nilikuwa kwenye valproeti, dawa nyingine ya bipola, wakanitoa nilivyosema nataka mtoto, wadada mnaosoma hapa muulize hilo.

mgumu_mstaafu
Mimi nilibeba mizigo njia za mlimani za Machame na Marangu miaka kumi. Dada, mumeo akija kupona amwambie bosi wake ampe zile safari za siku moja za maporomoko ya Materuni au za mashamba ya kahawa, kilele aachane nacho kwanza. Usingizi ndo ulimwangusha huyo, kurogwa wapi.

mama_wa_Pasua
Jamani nimerudi, asanteni mpaka nakosa la kusema. Shemeji alikuja, nikamsomea alichoandika huyo kaka wa Kijenge mwanzo mpaka mwisho. Alinuna kidogo, halafu akavichukua vidonge vyake mwenyewe.

Nilimuuliza mume wangu lile swali la bibi. Ilinichukua kama nusu saa kulitoa mdomoni. Alinyamaza, akasema ndiyo imeshamjia, mpango hana, na akaniuliza kwa nini sikumuuliza siku zote hizi. Sumu za kahawa ziko kwa mama jirani, kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki. Daktari aliuliza sana habari za mwaka jana, nikamweleza hadi Noah. Amesema Tegretol atamtoa taratibu huku anaingiza kwetiapini kidogokidogo, figo na tezi wamepima ili mbele wakitaka lithiamu wawe na pa kuanzia, na tunarudi wiki ijayo. Bado analala sana lakini jana alikula.

Sasa shida ni dirisha la dawa pale wamesema kwetiapini imeisha tukanunue nje, maduka mawili nimekosa. Moshi nitapata wapi?

bibi_nesi_mstaafu
Jaribu yale maduka makubwa ya mjini mama, piga simu kwanza usimalize nauli. Ukipata angalia miligramu zilingane na cheti, na kama kidonge ni cha kutoa dawa polepole kisikatwe wala kusagwa. Ukikosa usimwachishe Tegretol wewe mwenyewe, rudi kwa daktari.

chalii_wa_Kijenge
Ukikosa Moshi niandikie inboksi kesho asubuhi, kuna mahali huku Arusha nanunuaga. Piga picha cheti, kuna Kosta ya saa nne nakutumia.