Seva ya ofisi ina kadi mbili za mtandao, net haifiki kwa wafanyakazi

mpwa_mikindani:
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kuna ofisi ndogo ya wanunuzi wa korosho wamenipa kazi, kompyuta zao zote zipite kwenye seva moja ndo zitoke intaneti, bosi anataka ajue nani anamaliza bando kabla msimu haujachanganya. Seva yenyewe desktop ya zamani nimeipiga Ubuntu. Kadi ya enp2s0 inaenda kwenye rauta ya 4G nimeipa 192.168.1.2, enp3s0 inaenda kwenye swichi nimeipa 192.168.1.10. Sasa kinachonitoa jasho, nikiwasha kuna saa seva inapata net safi ila kompyuta za ofisini hata kuiping (kuiita uone kama inajibu) haziwezi, nikirestati mambo yanageuka, kompyuta zinaiona seva ila seva yenyewe haina net. NAT (ile ya kompyuta zote kutoka nje kwa namba ya seva) nimeshaweka kwa iptables, programu ya sheria za mtandao ya Linux. Kadi moja mbovu au?

fundi_ligula:
Kadi nzima hizo mkuu, usiende dukani. Soma namba ulizoandika mwenyewe, pande zote mbili ni 192.168.1, sasa seva ikitaka kumjibu 192.168.1.25 itajuaje yuko kwenye swichi au kwenye rauta? Inafuata njia iliyotangulia kuingia, ndo maana ukirestati inageuka. Piga `ip route` utaona mistari miwili ya 192.168.1.0/24, kila mmoja na kadi yake.

Upande wa swichi hama kabisa, weka mfano 192.168.50.0/24, enp3s0 iwe 192.168.50.1 na USIIPE gateway (mlango wa kutokea), gateway ya seva ni moja tu, ile rauta. Kompyuta za wafanyakazi ndo gateway yao iwe 192.168.50.1. Halafu, amri ya kwanza inairuhusu seva kupitisha data za wengine, ya pili ndo NAT:

`sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1`
`sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.50.0/24 -o enp2s0 -j MASQUERADE`

Hapo kwenye -o ni kadi ya kutokea nje, wengi wanaweka ya ndani wanakesha bure.

dada_chuno:
Umeme ukikata tu hivyo vyote viwili vinafutika, na huku kwetu unakata. Hiyo ip_forward iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, na sheria za iptables weka iptables-persistent halafu `sudo netfilter-persistent save`. Ila kama unatumia ufw (firewall ya Ubuntu) usivichanganye hivi viwili, sheria ya NAT iweke ndani ya /etc/ufw/before.rules, na uruhusu kupita: `sudo ufw route allow in on enp3s0 out on enp2s0`, maana ufw kwa kawaida inazuia kinachopita katikati.

mzee_wa_swichi:
Mi ningenunua rauta ndogo ya Mikrotik yakaisha, hilo desktop linakula umeme bure

mpwa_mikindani:
Mzee desktop wanalo tayari na mafaili ya mizani yapo humohumo, hela ya kifaa kipya hawatoi hadi mnada uanze 😂

Fundi nimehamisha, sasa seva inaonekana na net inayo muda wote. Kwenye kompyuta nikiping 8.8.8.8 (seva ya Google) inajibu, ila tovuti hata moja haifunguki.

fundi_ligula:
Basi NAT imekubali, iache usiiguse. Kilichobaki DNS, kompyuta hazina wa kuwatafsiria majina. Weka programu ya dnsmasq kwenye seva, itagawa namba na kujibu majina kwa pamoja. Kwenye faili lake andika `interface=enp3s0` na `bind-interfaces`, bila hiyo ya pili itagombana na systemd-resolved, kijibu majina cha Ubuntu yenyewe, kwenye poti 53. Na usiiache igawe namba upande wa rauta.

mpwa_mikindani:
Zimefunguka zote!! Ubarikiwe kaka

mwana_lindi:
Nidandie hapohapo, mi nipo Lindi, nina seti kama hiyo na net ya laini ya simu, nataka nikiwa nyumbani nione kamera ya stoo. Nimefungua poti kwenye rauta na kwenye seva, haiji.

fundi_ligula:
Ingia kwenye rauta uangalie namba iliyopewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, ujue mtandao wa simu nao umekuweka nyuma ya NAT yao, hata ufungue poti zote hakuna kinachoingia. Waombe public IP (namba yako mwenyewe inayofikika kutoka nje) kama wanauza, au kodi seva ndogo ya nje, kamera na simu yako vikutane huko kwa WireGuard, programu ya VPN. Hiyo ya pili inafanya kazi hata ukibadili laini.