Mjadala: Kaiti na pikipiki za ufuoni Tanga zipangiwe saa za maji, au zipigwe marufuku?

Mwanzilishi, Raskazone

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naleta suala ambalo huku kwetu limeshafika barazani, limefika soko la samaki la Deep Sea, na juzi nimelikuta hata kwenye msiba. Fukwe za Tanga, kuanzia Raskazone kwenda Mwambani, Kigombe mpaka Ushongo kule Pangani, zimeanza kuingia michezo ambayo zamani tukiisikia Zanzibar tu: kaiti, kayaki, na sasa pikipiki za magurudumu manne za kukodi. Wapo wanaosema tuache kila kitu, mji unahitaji wageni. Wapo wanaosema marufuku, bahari ni ya kazi. Mimi nasema kaiti iruhusiwe lakini ifuate saa za maji, na pikipiki zisikanyage mchanga kabisa. Nitaeleza, kisha mnipinge.

Kwa asiyeijua kaiti: ni tiara kubwa ya kitambaa yenye mirija ya hewa, ya mita za mraba kama 7 hadi 12. Mchezaji anasimama juu ya ubao, amejifunga mkanda kiunoni, na tiara inamvuta kwa kamba zinazofika mita 20 na zaidi. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara ya kujazwa upepo mwaka 1984. Mwaka 2024 mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki ya Paris, ukachezewa baharini Marseille. Si mchezo wa wahuni, na haunywi mafuta. Kusi ikianza kukaza, Tanga tunao upepo ambao watu wanapanda ndege kuutafuta.

Tatizo ni pale unapochezewa. Bamvua likifika, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa na kupwa sana, maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, bahari inarudi nyuma mpaka mwamba unatoka nje. Mgeni akisimama juu ya ukingo anaona uwanja mkubwa mtupu. Mwenyeji anaona kina mama na tandilo wanatanda uduvi, watoto wanaokota kombe, vigingi na kamba za mwani vikijitokeza kidogo juu ya maji, na mzee anayechokoa pweza. Tundu la pweza unalijua kwa vijiwe na maganda ya kombe yaliyorundikwa mlangoni. Unaingiza mchokoo, anaushika, unamvuta taratibu, ukiharakisha anajikaza ndani na humpati tena. Mtu anafanya kazi hiyo kainama, macho ndani ya tundu, muda mrefu. Kinachokuja nyuma yake kwa kasi hakioni.

Msimu wa kusi uliopita nilishuhudia tukio katika kijiji kimoja kaskazini ya mji. Kaiti ya mwanafunzi ilianguka, kamba zikalala juu ya vigingi vya mwani. Upepo ukaiinua tena ghafla, kamba zikakaza, na shangazi mmoja aliyebeba kapu akapigwa miguuni, akaenda kifudifudi. Goti lilichanika kwenye jiwe. Mwalimu alikuja mbio, akaomba radhi, akatoa pesa ya dawa. Hakuna aliyekusudia mabaya. Lakini yule mama siku tatu za bamvua zilizobaki hakushuka pwani, na bamvua halimsubiri mtu goti lipone.

Sasa tazameni saa. Siku za bamvua maji yaliyopwa saa nne asubuhi yanajaa tena saa kumi jioni. Ikifika saa nane kina mama wamesharudi nyumbani, na upepo wa mchana ndio umekaza. Saa za pweza na saa za kaiti zinapishana zenyewe. Siku za maji mafu, bahari haitoki sana wala haijai sana, mwamba haufunuki, wenye mwani wako nyumbani wanafunga kamba mpya. Siku hizo kaiti icheze hata kutwa. Jedwali la maji ya bandari ya Tanga lipo, mabaharia wanalitumia. Libandikwe kwenye kila diko, pale vyombo vinaposhukia, na kwenye kila hoteli inayokodisha vifaa, na mistari ya saa ichorwe juu yake.

Wanaosema wanavijiji hawawezi kusimamia utaratibu kama huu, waende Kisiwa Panza, Pemba. Kule wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue, kisha wanaufungua kwa pamoja. Kumwacha pweza miezi mitatu unajua yupo pale, na nyumbani kuna watoto, ni kugumu kuliko kupanga saa za mchezo.

Pikipiki za magurudumu manne sina saa ya kuzipa. Kasa wa kijani anapanda ufuoni usiku, anachimba, anafukia mayai, na yanakaa mchangani kama miezi miwili. Gurudumu likipita juu linaushindilia mchanga. Vifaranga wakitoka wanaingia kwenye mfereji wa tairi, wanatembea ndani yake badala ya kwenda majini mpaka jua au kunguru anawamaliza. Ukiacha kasa, kuna nyavu zilizotandazwa, dagaa walioanikwa, wazee wanaopunga upepo. Barabara za vumbi za mashamba ya mkonge zimejaa mkoa huu. Waendeshe huko.

Karibuni.

Kijana wa Chumbageni

Kaka, nimekusoma vizuri, lakini umepanga saa bila kuuliza wanaofundisha. Mimi nimejifunza kaiti Paje, Zanzibar. Mwanafunzi hafundishwi maji yakijaa. Anahitaji maji ya kiunoni, akianguka asimame. Ukimpa saa kumi jioni ya bamvua, pale Raskazone maji yamegonga ukuta, hakuna hata pa kutandaza tiara. Sehemu nyingine maji yakijaa yanaingia kwenye mikoko. Kwa hiyo ratiba yako inamfaa bingwa, ambaye ni mgeni, na inamfungia nje kijana wa Tanga ambaye ndiyo kwanza anaanza.

Na sisi tunaotafuta ajira tusikilizwe pia. Mji huu kila mtu anangoja bandari na bomba la mafuta. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, lakini likishajengwa halihitaji vijana wengi wa kulilinda. Mwalimu wa kaiti anafanya kazi kusi na kaskazi, miezi mingi ya mwaka.

Mama wa Mwani, Moa

Wanangu, nawasalimu. Mimi ni wa Mkinga, nalima mwani. Nimefurahi kuona mtu ametuandika, maana kawaida huandikwa hoteli.

Ila msitupangie saa kama vile sisi tukitoka pwani shamba linakwenda nasi. Vigingi vinabaki. Kamba zinabaki. Maji yakijaa vinakuwa chini, havionekani, na ubao wa mchezaji unakata kamba nzima. Mwani unakaa kama wiki sita mpaka uvunwe. Ukikatwa wiki ya tano umepoteza yote, na bei yenyewe mnaijua ilivyo. Paje wenzetu wanagombania maji yale yale na kaiti mpaka leo, na ninavyosikia, wengi wa wanaorudi nyuma ni kina mama.

Na kuna la staha, ambalo wengi wanalikwepa wasionekane washamba. Huku kwetu mtu anapita kwenye diko la wazee wetu na nguo ya kuogelea, watoto wa chuo cha Kurani wanatoka kusoma. Sisemi wasivae baharini. Nasema diko ni sebule ya watu.

Mvuvi, Kigombe

Mimi nasema zifungwe. Ngalawa yenye tanga haina breki, na mtu wa kaiti akikatiza mbele yangu kumkwepa ni kupindua chombo. Tumepigana na wapiga mabomu, wanaovua kwa baruti, miaka mingi, wengine wakawa maadui wa ndugu zao, ndiyo miamba ikaanza kupumua. Sasa tunaambiwa kuna wengine wa kuwapisha. Kibali chao nani katoa? Kwetu hajaonekana mtu.

Mwanzilishi, Raskazone

Shikamoo Mama. Umesema jambo ambalo ratiba peke yake hailiwezi, kwa hiyo naongeza: mashamba ya mwani yawekewe maboya pembeni, na kaiti isiingie ndani ya maboya saa yoyote, maji yawe yamejaa au yamepwa. Gharama ya maboya ibebwe na wanaokodisha vifaa, kwa kuwa wao ndio wapya. Na la staha nakubaliana nawe: mahali pa kushukia kaiti pawe mbali na diko na mbali na chuo, papatikane njia yake ya kupita.

Kijana, hoja ya maji ya kiunoni ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nizitaje siku za maji mafu. Siku hizo kuna sehemu maji yanakaa kifuani au kiunoni muda mrefu bila kutoka wala kupanda sana. Hizo ziwe siku za shule. Bingwa achukue jioni za bamvua, mwanafunzi achukue maji mafu. Na ningependa sharti la kibali liwe hili: kila shule ya kaiti ifundishe vijana wa hapa kuwa walimu, pamoja na wasichana ambao wazazi wao watataka mwalimu wa kike.

Kaka yangu wa Kigombe, kibali ndipo penyewe. Maji ya kwenu yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki adimu wa kale), iliyotangazwa mwaka 2009, inayoanzia kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani na kuchukua visiwa vya Karange, Yambe na Toten. Ndani ya hifadhi mtu hajifungulii biashara anavyotaka, ipo Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994. Nchi kavu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari. Kwa hiyo banda la zege la kuhifadhia tiara juu ya ufuo lina kizuizi tayari. Ninachokitaka kibali kisitoke mpaka kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari cha kijiji kimeweka sahihi, na kina mama wamo kwenye kikao. Mara nyingi vikundi hivi vinakuwa vya wenye vyombo, wanaokwenda pwani kwa miguu hawaitwi.

Mvuvi, Kigombe

Hilo la sahihi ya kijiji nalisikiliza. Bado ngalawa.

Kijana wa Chumbageni

Mzee wangu, kanuni tuliyofundishwa Paje ni kwamba kaiti ndiyo inayompisha mwenye chombo cha kazi, na akishindwa anavuta kifyatuo tiara inakufa. Tunaweza kuiandika kwenye kibali, anayekiuka anafungiwa.

Mvuvi, Kigombe

Tiara ikifa mtu anabaki anaelea, kusi na mkondo vinamchukua. Nani anamfuata? Mimi, na mafuta yangu, na siku yangu ya uvuvi imekwenda. Kabla ya maboya na majedwali, andikeni hapo kwamba anayekodisha kaiti awe na boti yake ya uokoaji, yenye injini inayowaka, na nahodha wa hapa anayelipwa hata akiwa amekaa tu anangoja. Mkiliandika hilo, nitakuja kikaoni.

Mama wa Mwani, Moa

Na boti hiyo isitie nanga juu ya mwani.