Mjadala, Goma: gari la zamani lenye shasi iliyochomelewa libebe abiria au lipigwe marufuku?

Mwanzisha mada
Amani kwenu. Naliuliza wazi, kwa sababu naona tunabishana kila siku bila kulimaliza: gari la zamani ambalo shasi yake, yaani fremu ya chuma ya chini inayobeba gari, imechomelewa au kuongezewa chuma, lipigwe marufuku kubeba watu kwa malipo?

Mimi nasema hapana. Shasi ikilegea inajipinda kila gurudumu moja linapopanda jiwe, na mawe ya lava mnayajua. Ikishajipinda, imegeuka resori (springi) yenyewe, tena resori isiyo na amortisa (shokomzoba). Usukani unachelewa kuitika, milango inalia, kioo cha mbele kinapasuka pembeni bila kupigwa na kitu. Kuikaza shasi ya namna hiyo ni kumwokoa abiria.

Ila tunakaza mahali pasipotakiwa. Mtu ana Land Cruiser ya miaka ya 1970, shasi imeliwa na kutu pale resori inapofungwa. Haigusi shasi. Anaongeza bapa mbili za chuma kwenye resori ili ibebe magunia mengi ya makala. Sasa resori hainepi tena, na pigo lote la jiwe linapanda moja kwa moja kwenye chuma kilichooza. Shasi inatakiwa iwe ngumu, resori ziwe laini. Sisi tunafanya kinyume, halafu gari likikatika tunasema ni uzee.

Fundi wa kuchomelea, Birere
Kaka, maneno mazuri, lakini wateja huwajui. Anakuja jioni, na alfajiri anataka awe njia ya Sake. Anakwambia "funika tu." Na kuna mafundi wanaofunika kweli: kibati cha mraba juu ya ufa, rangi nyeusi, kwisha. Ukwaruze kidogo kwa bisibisi utakuta mstari wa kutu unaendelea chini ya rangi, umeshakipita kile kibati.

Kazi yenyewe ni hivi. Ufa kwanza unautoboa tundu dogo kwenye ncha yake ili usizidi kutembea. Unausaga mpaka chuma safi. Ndipo unachomelea. Kibati cha kuongeza usikikate mraba, maana mshono unaokatisha mhimili wa shasi kutoka juu hadi chini ndio pale pale utakapokatikia kesho. Moto umedhoofisha chuma cha pembeni yake. Kikate ncha zake kama mdomo wa samaki, mshono upite kwa mshazari. Kingo za juu na za chini za mhimili usiziguse kwa moto ovyo, hizo ndizo zinazobeba uzito. Hii kazi haimaliziki usiku mmoja, na bei yake si ya "funika tu."

Mwenye Peugeot 504 ya familia, Himbi
Marufuku ya shasi iliyochomelewa mimi hainigusi, na hapo ndipo ubovu wake unapoonekana. 504 haina shasi ya ngazi, yenye mihimili miwili iliyounganishwa, kama Land Cruiser. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, hasa maboksi ya chini ya milango. Yakioza, gari zima limelegea, na hakuna mtu wa kontroli (ukaguzi wa magari) atakayeona mshono wowote.

Kuna kipimo cha bure. Weka jaki chini ya pembe moja ya mbele, gurudumu liachane na ardhi, kisha fungua na ufunge milango. Mlango ukikwama, au ukifunguka halafu ukakataa kurudi, bodi imechoka.

Na hili la resori nakubaliana nalo. Zile Peugeot 404 zilizoshinda Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, zilisifiwa kwa resori laini zenye mwendo mrefu. Leo naona watu wanapachika vipande vya mpira katikati ya koili za resori, wanajisifu gari "limesimama."

Mama wa soko la Virunga
Mimi si fundi, mimi ndiye ninayepanda. Nani ataniambia kibati kimekatwa kama samaki au kama sabuni? Nilale chini ya gari kila asubuhi na kitenge changu? Karatasi za kontroli nazo tunajua zinavyopatikana. Pigeni marufuku, angalau hiyo naielewa.

Mwanzisha mada
Mama, swali lako ni zito kuliko yetu yote. Lakini anayeuza karatasi leo atauza na ruhusa ya kuvunja marufuku, tena kwa bei ya juu zaidi. Kipimo cha jaki angalau kinafanyika parkingi mbele ya macho yako, kabla hujalipa. Mlango ukikwama, umeona mwenyewe. Kwa Land Cruiser hakitoshi, nakiri. Hapo anahitajika mtu mwenye taa na bisibisi chini ya gari, na fundi aliyechomelea ajulikane ni nani.

Fundi wa kuchomelea, Birere
Nijulikane, sikatai. Lakini na aliyeongeza bapa ajulikane. Gari likivunjika wanaangalia mshono wangu tu.

Dereva, njia ya Sake
Nimesoma yote. Jaki niwekeeni, sina shida. Hizo bapa niliziongeza mimi, kwa sababu mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, na bila magunia juu ya karieri hesabu haifiki. Nikizitoa nibebe idadi ya watu inayostahili tu, ile pesa inayopungua ataitoa nani? Mama, uko tayari nauli ipande?