Je, mwajiri ndiye athibitishe kwamba wewe ni mkandarasi?

Wenzangu wa Nairobi, naomba tulijadili hili. Nafanya kazi ya karani katika ghala moja Industrial Area, mwaka wa tatu sasa. Mkataba wangu unaniita mkandarasi huru. Saa moja na nusu asubuhi natia sahihi kwenye rejista ya langoni, navaa sare yao, na ruhusa ya kwenda kliniki naomba kwa msimamizi wao. Kila mwisho wa mwezi eti nawadai kwa invoisi. Invoisi yenyewe huchapishwa na mhasibu wao, na kiasi kimeshajazwa: shilingi 30,000. Mimi naweka sahihi tu. Wanakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, na NSSF hawachangii hata senti.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya siku 21 zenye malipo kila mwaka, na mama aliyejifungua miezi mitatu. Mwaka jana mwenzetu alijifungua, akarudi kazini baada ya wiki tano, maziwa yakimlowesha sare, kwa sababu mkandarasi asipofanya kazi halipwi.

Najua mahakama ya kazi hutazama hali halisi ya kazi, si jina lililo kwenye karatasi. Lakini kufika huko ni lazima ushtaki, na ukishtaki mkataba hauongezwi. California waliligeuza jambo hili: tangu 2020, chini ya sheria ya AB5, mtu huhesabiwa mwajiriwa mpaka anayempa kazi athibitishe vinginevyo. Mimi nasema na sisi tufanye hivyo. Mnaonaje?

*Jibu la kwanza*
Dada, pole. Lakini mimi nina karakana ya kuchomelea vyuma Kariobangi. Oda ya milango 40 ikija naita vijana, ikiisha tunaachana kwa heri. Mkisema kila mmoja ni mwajiriwa wangu, nitaacha kuita watu. Wengine wenyewe hawataki kufungwa. Leo yuko kwangu, kesho kwa jirani.

*Mleta mada*
Mzee wangu, huyo wa milango simgusi. Anayepatana bei, anakuja na mashine yake, anamaliza na kwenda kwa mwingine, huyo ni mkandarasi kweli, na kulithibitisha hilo hakutakusumbua. Lakini hapo kwako, nani anafungua karakana asubuhi?

*Jibu la kwanza*
Yuko kijana mmoja. Ufunguo anao yeye. Miaka minne.

*Mleta mada*
Na analipwaje?

*Jibu la kwanza*
Kwa siku. Tulianza hivyo, ikabaki hivyo.

*Mleta mada*
Basi kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinamhusu. Kibarua akishafanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Anapata notisi na haki nyingine, hata kama hamkuandikiana. Sisemi wewe ni mtu mbaya, mzee. Umenijibu kwa ukweli, na wangu hawajawahi. Ila cheche ikimwingia jichoni kesho, bili ya hospitali utaipokea wewe au mama yake?

*Jibu la kwanza*
Nitaipokea mimi. Lakini naona unachouliza: hakuna mahali nilipoandika hivyo.