Mjadala: Fedha za PDM ziingie kwenye bluberi za nyanda za juu?

Kalamu ya Rwenzori, Fort Portal (mleta hoja)

Bei ya majani mabichi ya chai imewavunja moyo wakulima wa Kabarole, Buhweju na Kanungu, na wapo walioanza kung'oa. Wazo lililo midomoni mwa watu sasa ni kwamba serikali iwakopeshe miche ya bluberi kupitia Mpango wa Maendeleo ya Parishi (PDM), ule unaokopesha kaya shilingi milioni moja hapa Uganda, maana chai na bluberi zote hupenda udongo wenye asidi, pH 4.5 hadi 5.5 (kwenye kipimo hiki namba ikishuka asidi huzidi). Mimi naunga mkono.

Anayesema bluberi ni tunda la nchi za theluji amepitwa na wakati. Aina za kaskazini zilitaka saa 800 hadi 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 ndipo zichanue. Watafiti wa Florida walizichanganya na bluberi ya mwituni ya kwao, Vaccinium darrowii, wakapata aina zinazoridhika na baridi kidogo sana. Biloxi, iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1998, ndiyo iliyoibeba Peru ilipoanza, tena kwenye jangwa la pwani. Leo Peru inaongoza duniani kwa kuuza bluberi nje. Anayetaka ushahidi wa nyumbani amtazame Vaccinium stanleyi, ndugu wa damu wa tunda hili, anayejiotea kwenye milima yetu ya magharibi bila kupandwa na mtu.

Wapinzani, karibuni.

Mzee wa Majani Mabichi, Buhweju

Nakushukuru, mwanangu. Swali langu ni moja tu: hiyo milioni moja ya PDM kwa kaya inanunua nini?

Hesabu Kwanza, Kampala

Shikamoo mzee. Tuseme mche mmoja wa maabara unafika shambani kwa shilingi 15,000. Milioni moja ni miche 66, na mfuko umekauka: hakuna mabomba ya matone, hakuna paa, hakuna wavu wa ndege. Kwa nafasi ya sentimita 75 ndani ya mstari na mita 3 kati ya mistari, ekari hubeba miche kama 1,800. Miche 66 inatosha kipande cha mita 10 kwa 15.

Maua ya mwaka wa kwanza yanatakiwa kuondolewa ili mmea ujijenge. Mwaka wa tatu, mambo yakienda sawa, mmea hutoa kilo 2 hadi 3. Kwa hiyo kaya inangoja mpaka mwaka wa tatu ipate kilo 130 hadi 200 kwa mwaka mzima, na hizo haziivi kwa pamoja. Zinachumwa kidogo kidogo kila baada ya siku 4 hadi 7. Nani atapanda mlima na gari lenye jokofu kufuata kilo tano?

Mtaalamu wa Mizizi, Kabale

Udongo wa chai unafaa kwa pH, basi. Hapo ndipo wazo hili linapopotosha watu. Mzizi wa chai huzama chini sana kutafuta maji. Mzizi wa bluberi ni mwembamba kama uzi, hauna vinyweleo vya kunyonyea, na karibu wote hukaa kwenye sentimita 30 za juu. Maji yakituama siku mbili tatu kwenye mfinyanzi, anaingia Phytophthora cinnamomi, kimelea cha kuozesha mizizi, yule yule anayeua miparachichi. Majani hugeuka mekundu, matawi yanakauka moja baada ya jingine, na ukikwangua gome karibu na udongo unakuta kahawia badala ya kijani. Mmea uliofika hapo ng'oa, usiutilie dawa.

Anayeng'oa chai ili apande ardhini, kwanza achimbue visiki na mizizi yote. Kuvu wa Armillaria hubaki kwenye mizizi iliyokufa na kuhamia kwenye zao jipya, bluberi ikiwemo. Kisha apime pH mara mbili, tabaka la sentimita 0 hadi 20 na la 20 hadi 40, maana juu panaweza kuwa 5 na chini 6. Ainue tuta la kimo cha sentimita 40 hadi 50 na upana wa mita 1, achanganye maranda ya msonobari yaliyokwisha kuoza unene wa sentimita 10 hivi. Maranda mabichi huiba naitrojeni ya mmea.

Salfa ya kushusha pH inategemea udongo. Kwenye tifutifu, kutoka 6.0 hadi 4.5 ni kama kilo 1.7 kwa kila mita 10 za mraba. Ukimwaga ekari nzima ni kilo 700. Ukitia kwenye matuta tu ni kama 230, na hakuna sababu ya kutia kwingine. Mchanga hutaka theluthi moja ya kiasi hicho, mfinyanzi hutaka zaidi. Ila salfa hugeuzwa asidi na bakteria wa udongoni, na kazi hiyo huchukua miezi 6 hadi 12 udongo ukiwa na unyevu. Anayemwaga salfa leo na kupanda wiki ijayo ataona majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, atadhani ni njaa, ataongeza mbolea. Madini ya chuma yamo udongoni tele. pH ambayo haijashuka ndiyo iliyoyafunga.

Kwenye mbolea, tumia salfeti ya amonia, usitumie CAN, ambayo nusu ya naitrojeni yake ni naitreti: bluberi hula amonia vizuri na naitreti kwa shida. Potasiamu itoke kwenye salfeti, kwa sababu kloridi inaunguza mizizi. Majivu ya jikoni na samadi ya kuku peleka kwenye migomba.

Sebei Juu, Kapchorwa

Mmezungumza baridi na udongo, hakuna aliyetaja urefu wa mchana. Vichipukizi vya maua vya bluberi hujengeka mchana ukiwa mfupi na joto likiwa la wastani. Kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima. Mmea unabaki na majani yake bila kulala, na juu ya tawi moja unakuta ua, tunda la kijani na tunda lililoiva. Wengine wanaona hiyo ni neema. Kwa mchumaji ni balaa, kwa sababu anazunguka shamba zima kuokota machache.

Dawa yake ni kupogoa kwa ratiba. Ukikata kwa nguvu, machipukizi huchukua miezi 3 hadi 4 kukua, vichipukizi vya maua hufuata, na kutoka ua hadi tunda kuiva ni miezi 2 hadi 3. Kutoka kupogoa hadi kuvuna weka miezi 8 hivi. Gawa shamba vipande, upogoe kila kimoja kwa mwezi wake, uvunaji usiangukie mvua za Machi hadi Mei. Na tafadhali, mtu asichanganye hili na ile kazi ya matufaha ya Kabale ya kuvua majani kwa mkono ili mti uamke. Bluberi inayolimwa kwa mtindo huu hutegemea majani yake ya zamani kulisha tunda, ukiyavua umeinyonga.

Joto likipita nyuzi 30 mara kwa mara, vichipukizi vya maua hupungua na tunda hulainika. Soroti na Lira wasidanganywe. Kwa maoni yangu, mazungumzo yaanzie mita 1,800 kwenda juu.

Mtaalamu wa Mizizi, Kabale

Nakubaliana na Sebei, naongeza kutu ya majani. Nchi ambazo majani hupukutika, kutu hukosa pa kukaa msimu wa baridi. Huku majani hayaanguki, nayo kutu haipumziki: madoa ya njano juu, unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, mwisho mmea unabaki uchi. Bila paa la kuzuia mvua utapiga dawa mpaka mnunuzi akukatae kwa mabaki ya sumu.

Fundi Matone, Mbarara

Ndiyo maana wenye mtaji wameacha ardhi kabisa wakaenda kwenye vyungu vya lita 25 hadi 40 chini ya paa la plastiki. Ndani ni makumbi ya nazi au magome ya msonobari yaliyosagwa na kuozeshwa. Makumbi yaoshwe kwanza kwa naitreti ya kalsiamu, kwa sababu yanakuja na sodiamu na potasiamu nyingi. Magome tunayo hapa hapa, misonobari ya Kigezi na Mubende.

Mmea mkubwa chunguni hunywa lita 2 hadi 4 kwa siku, kwa awamu fupi 6 hadi 10. Miche 1,800 kwa lita 3 ni lita 5,400 kila siku. Pampu ikizima siku moja ya jua kali, chungu hakina akiba. Lakini hapa Uganda tuna bahati ambayo Peru haina: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la ekari moja, mita za mraba 4,000, kwenye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukipoteza moja ya tano, linakusanya lita milioni 3.2. Matumizi ya mwaka mzima hayafiki milioni 2. Tena maji ya mvua hayana baikaboneti, ile inayopandisha pH taratibu mpaka chungu kinaharibika.

Anayetumia kisima apime. Maji yenye baikaboneti miligramu 122 kwa lita yanahitaji kama mililita 44 za asidi ya salfuriki ya asilimia 98 kwa kila lita 1,000, ili kuondoa takriban asilimia 80. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji; ukimwaga maji kwenye asidi itakurukia usoni. Na wale wanaofikiria asidi ya betri chakavu: ina risasi ndani, na hili ni tunda linaloliwa bila kumenywa.

Mizigo ya Entebbe

Mnalima vizuri, ila tunda halijafika sokoni. Bluberi ikichumwa haiongezi utamu, kwa hiyo inaachwa mpaka buluu izunguke hadi kwenye kikonyo. Ikibaki pete nyekundu, ni chachu. Mchumaji asiifute ule unga mweupe wa juu, ndio ngozi ya pili ya tunda. Mkono mwepesi hutoa kilo 3 hadi 5 kwa saa.

Kisha saa zinakimbia. Tunda literemshwe hadi karibu nyuzi 1 au 2 ndani ya saa chache. Kilo 500 kutoka nyuzi 24 hadi 2 ndani ya saa 2 zinahitaji kilowati 6 hivi za ubaridi, bila kuhesabu kuta na mlango unaofunguliwa kila dakika. Chumba cha kawaida cha baridi hakifanyi hivyo. Panahitajika feni inayovuta hewa baridi kupita katikati ya makasha. Na jenereta, kwa sababu umeme ni ule ule tunaoujua. Tunda likitoka kwenye baridi likakaa kwenye lori la joto, umande hulishika na ukungu wa kijivu unaanza.

Peru hupeleka kwa meli, kontena hadi Ulaya kwa takriban wiki tatu. Sisi kufika Mombasa tu ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, kwa hiyo ni ndege. Septemba hadi Novemba Peru inafurika, Februari hadi Mei kuna Morocco na Hispania. Nafasi yetu ni pale wakubwa wanapoteleza, kama 2023 joto la El Niño lilipoikata Peru na bei ikapaa. Huwezi kumkopesha mkulima wa parishi kwa kutegemea mwenzake ateleze.

Kalamu ya Rwenzori

Basi hoja iandikwe hivi: fedha za umma zisinunue mche hata mmoja. Zijenge kile ambacho kaya haiwezi kumiliki peke yake: maabara ya udongo na maji kila wilaya ya nyanda za juu, kituo cha kukagua miche inayoingia, na chumba cha baridi chenye feni karibu na mashamba. Nzi mdogo Drosophila suzukii, anayetaga ndani ya tunda ambalo bado halijaharibika, amekwisha kupatikana Kenya. Miche na matunda yakivushwa Busia kwa magendo, sote tutajuta.

Hesabu Kwanza, Kampala

Maabara na ukaguzi nakubali. Chumba cha baridi sikubali. Bila shamba kubwa la kukilisha kila wiki kitageuka ghala la soda. Kenya, kampuni ya Kakuzi ya Murang'a iliingia kwenye bluberi ikiwa tayari na maparachichi, makadamia na wateja wa nje. Mpangilio ni huo: mwenye shamba kubwa ajenge cha kwake kwa hela yake, wadogo wamzunguke kwa mkataba ulioandikwa, wenye bei ya chini kabisa.

Pia hamjagusa aina. Biloxi haina mrabaha, lakini tunda lake ni dogo na soko la Ulaya sasa linataka kubwa na gumu. Aina mpya zina wenyewe, na sheria yetu ya kulinda aina za mimea ya mwaka 2014 inawapa nguvu. Mwenye aina hutoa leseni kwa mtu mmoja mwenye hekta nyingi. Hataandikiana na kaya 400.

Sebei Juu, Kapchorwa

Mkataba wenye bei ya chini nani atausimamia? Mwenye leseni, mwenye chumba cha baridi na mnunuzi wakiwa mtu mmoja, mkulima mdogo ni kibarua aliyejinunulia vyungu. Kahawa ikikataliwa bei leo unaianika, unaiweka ghalani. Bluberi iliyokataliwa Jumatatu, Ijumaa ni ya kumwaga. Kwa hiyo hicho chumba cha baridi, ama kiwe cha ushirika, ama wadogo wasiingie.

Mzee wa Majani Mabichi, Buhweju

Nimewasikia wote. Wakati mnaendelea kubishana juu ya chumba, chai yangu niing'oe au niiache?

Mtaalamu wa Mizizi, Kabale

Iache, mzee. Pogoa ile iliyopanda juu, usitie chokaa, na chukua sampuli za udongo za tabaka zote mbili kabla ya mbolea ya msimu ujao. Majibu yakionyesha chini ya 5.5 hadi kina cha sentimita 40, ardhi yako inangoja bila gharama. Yakizidi hapo, usihangaike na salfa kwenye shamba lote la kilimani. Huko ni vyungu au si kitu.