Stoki inapungua kila mwezi, nikate mishahara ya wote?

Baba Wambui, Umoja

Habari za jioni wanajamvi. Nina duka la kujihudumia hapa Umoja, si mbali na soko la Mutindwa. Wafanyakazi ni wanne: keshia, vijana wawili wa kupanga rafu na soja wa mlangoni. Mwezi uliopita tulipohesabu stoki, mali ya shilingi 23,600 haikuonekana. Mwezi wa kabla ya huo, 17,000 na kidogo. Vinavyopotea ni vitu vidogo vyenye bei: maziwa ya unga ya watoto, nyembe, mafuta ya kujipaka, betri. Unga hauguswi, nani atatoka na bandali la unga?

Jumamosi soja alimshika mama mmoja, mtoto mgongoni. Mkebe wa maziwa ulikuwa ndani ya leso, mtoto ameulalia kama mto. Kabla sijatoka kaunta, mtu huko nje alishapaza sauti "mwizi!", na hapa Nairobi mnajua neno hilo huita nini. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshashuka kwenye pikipiki. Nilimvuta yule mama ndani, nikashusha shata, tukakaa kwenye kreti za soda mpaka wakachoka kungoja. Mkebe niliurudisha kwenye rafu ukiwa bado na joto la mtoto. Polisi sikumpeleka. Soja amenuna mpaka leo.

Sasa jirani yangu wa duka la vyombo ananiambia nikate hiyo hasara kwa wote wanne sawasawa, eti wizi utaisha wenyewe. Nyinyi mnafanyaje?

Karani wa Stoo

Mzee, nilikuwa karani wa stoo miaka tisa kwenye duka kubwa la hapa jijini. Yule mama hajakula 23,600. Wateja huiba, ndiyo, lakini huiba kimoja kimoja. Mali inayotoka kwa mwendo huo ina mlango wake.

Anzia nyuma, mzigo unapopokelewa. Nani anahesabu mkate saa kumi na moja alfajiri? Karatasi ya dereva inasema sitini, kreti zina hamsini na saba, kijana ana usingizi, anatia sahihi. Hapo hakuna aliyeiba dukani kwako na bado umeibiwa. Halafu angalia takataka. Katoni tupu zikunjwe mbele ya macho yako kabla ya kutoka. Sisi tulipata nyembe pakiti kumi na nne ndani ya katoni ya sabuni "tupu", na mzoa taka aliyeifuata alikuja siku ambayo si yake.

Kisha kaunta. Usimtazame keshia mikono, tazama mashine. Mteja analipa taslimu, anaondoka bila risiti, keshia anafuta ile mauzo, pesa inabaki kwake na droo inalingana kabisa. Toa orodha ya mauzo yaliyofutwa uangalie saa. Na M-Pesa: akimwambia mteja "tili inasumbua, tuma kwa hii namba", hiyo namba ni ya nani? Bandika namba ya Lipa na M-Pesa kwa maandishi makubwa, usomaji wa namba kwa mdomo ukome.

Usingoje mwisho wa mwezi. Chagua vitu kumi vinavyopotea sana, uvihesabu kila jioni. Dakika ishirini tu. Na unachobeba wewe kwenda nyumbani kiandikwe pia, maana nimeona wenye maduka wakitafuta mwizi ilhali sukari iko jikoni kwao.

Nimewahi Kukatwa

Mimi nilikatwa 1,800 kwa hasara ya "wote". Sikuwa nimechukua hata peremende. Mwezi uliofuata kila mtu alibeba vitu vya thamani ya alichokatwa, maana tulikuwa tumeshavilipia. Msikilize huyo jirani kama unataka wezi wanne.

Dada wa Ajira

Baba Wambui, usikate. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kumkata mtu kwa hasara aliyoisababisha yeye mwenyewe kwa makusudi, au upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wake, ikiwa mkataba wake unasema amekabidhiwa pesa. Kumkata soja kwa sababu nyembe zimepotea hakumo.

Ukimshuku mtu, kifungu cha 41 kinataka umweleze kosa kwa lugha anayoielewa na umsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake anayemchagua yeye. Hata kama ushahidi unao. Ukimfukuza kwa hasira, mahakama ya ajira inaweza kukutoza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, na hapo 23,600 utaiona peremende. Kuiba mali ya mwajiri ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka saba, kwa hiyo usilitaje kama kitisho cha kumlazimisha atie sahihi.

Kwa yule mama ulifanya vizuri kushusha shata. Anayeiba mbele yako unaweza kumkamata, ila umkabidhi polisi bila kuchelewa. Na picha za kamera usizirushe kwenye kundi la mtaa.

Baba Wambui, Umoja

Nimerudi baada ya wiki. Mkate ulipungua mara mbili, dereva akasema "makosa ya kupakia". Mama Wambui alikuwa amebeba mafuta ya kupikia na sabuni bila kuandika. Tumezozana kidogo, sasa kuna daftari.

Lakini Karani, ile orodha ya mashine. Mauzo 11 yamefutwa wiki hii, na tisa ni kati ya saa moja na saa mbili usiku, nikiwa nimekwenda kula. Jumla ni 4,370. Keshia ni mtoto wa dada yangu mkubwa, yule aliyemlea kwa kuuza mboga hapo Mutindwa akamsomesha mpaka chuo.

Barua ya kumwita nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilianza "mwanangu", nikaichana. Amepokea ya tatu jana asubuhi, akaisoma amesimama, akaniuliza tu kama anaweza kuja na mtu. Nikamwambia sheria inamruhusu. Amemchagua soja.