Bluetooth ikae imezimwa kompyuta ikiwaka: AutoEnable, rfkill au systemctl?

kipepeo_tz: Wakuu, natumia Linux Mint. Kila nikiwasha laptopu, Bluetooth nayo inawaka hata kama niliizima kabla ya kulala. Nataka ikae kimya mpaka nitakapohitaji hedifoni. Njia zinazotajwa ni tatu hizo hapo juu. Ipi inadumu?

fundi_mitambo: Anza na faili la /etc/bluetooth/main.conf. Chini ya [Policy] tafuta AutoEnable, futa alama ya reli (#) iliyo mbele yake, kisha andika AutoEnable=false. Tangu BlueZ 5.65 (BlueZ ndiyo programu inayoendesha Bluetooth kwenye Linux), mstari huo ukiachwa na reli yake unahesabiwa kuwa true, ndiyo maana wengi Bluetooth ilianza kujiwakia baada ya kusasisha. Mimi naipenda njia hii kwa sababu huduma ya Bluetooth inabaki hai. Ukitaka hedifoni unabofya tu.

mama_kodi: Mkuu, kwenye Mint hiyo peke yake haitoshi. Kuanzia Mint 21 kuna Blueman, programu ya kusimamia Bluetooth, nayo ina mpangilio wake wa kuwasha adapta ukishaingia. Bila sudo (ruhusa ya msimamizi), andika:
gsettings set org.blueman.plugins.powermanager auto-power-on false

juma_kali: Mbona mnazunguka? "rfkill block bluetooth", basi. Hiyo inaizuia Bluetooth, na systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, inahifadhi hali hiyo na kuirudisha mashine ikiwaka.

mama_kodi: Kweli, ila asiwe na TLP, ile programu ya kuokoa betri. Maelekezo ya TLP yanataka systemd-rfkill, sehemu inayohifadhi hali hiyo, ifungwe, kwa hiyo hakuna wa kukumbuka. Mwenye TLP aweke DEVICES_TO_DISABLE_ON_STARTUP="bluetooth" kwenye /etc/tlp.conf, na RESTORE_DEVICE_STATE_ON_STARTUP iwe 0. Ikiwa 1, ule mstari wa kwanza unapuuzwa.

fundi_mitambo: Na "systemctl disable bluetooth", inayozuia huduma nzima isijianzishe, tuwaachie wenye kompyuta za ofisini zisizogusa Bluetooth kabisa. Kwa mtu wa hedifoni ni usumbufu, kila mara sudo.

pwani_net: Jamani, kabla hajafanya lolote: kibodi yako ni ya Bluetooth? Ukizima tangu mwanzo, utafika kwenye nenosiri huna cha kuandikia. Weka ya USB karibu. Zile zenye kipokezi chake cha kuchomeka USB hazina shida.

kipepeo_tz: Kibodi ni ya laptopu yenyewe, na TLP sina. Nimebadilisha main.conf na kuwasha upya, bado ikawaka. Nikaongeza amri ya mama_kodi, nikawasha tena: "bluetoothctl show" inasema Powered: no. Asanteni sana.